Mombasa kwa Miguu: Mwongozo wa Mgeni Asiye na Gari

Shemeji yangu alikuja kututembelea mwezi wa Februari kutoka Kitale, akiwa na viatu vya kukimbilia na ratiba aliyoiandika kwenye karatasi. Kwao milimani hukimbia kilomita 15 kabla ya chai, kwa hiyo aliona kukizunguka kisiwa chetu ni mchezo wa kitoto. Akatoka nyumbani saa nne asubuhi. Saa tano na robo alirudi ndani ya tuktuk, shati limemganda mgongoni, hata sauti ya kuitikia salamu hana. Vijana wa barazani wakamuuliza anatoka wapi, na alipojibu "Kitale" wakaangua kicheko. Kwetu Pwani kitale ni nazi changa ambayo haijafika hata kuwa dafu.

Miguu yake haikuwa na kasoro. Alikosea saa. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, karibu kilomita za mraba 14 tu, na mtu mwenye afya anaweza kukivuka kwa miguu asubuhi moja na bado akapata muda wa kahawa. Kinachomshinda mgeni ni jua, maji ya bahari na msongamano kwenye shingo za kisiwa. Shingo zenyewe ni tatu: Daraja la Nyali upande wa kaskazini, Makupa upande wa bara, na feri ya Likoni kusini. Ukiwa na gari utakwama humo pamoja na sisi wengine. Ukiwa na miguu, nauli ndogo mfukoni na akili ya saa, unapita.

Hatua ya 1: Panga saa kabla ya kupanga mahali

Kuanzia Desemba hadi Machi ni msimu wa upepo wa kaskazi. Bahari hutulia na maji huwa safi, lakini joto ni la kukaanga. Masika huanza Aprili, na Mei mvua hunyesha mpaka barabara nyingine zinageuka mito. Anayependa kutembea aje kati ya Julai na Septemba, wakati wa kusi. Upepo unapuliza, jua lina huruma kidogo, na usiku unaweza kulala bila feni. Ubaya wa kusi ni mwani. Baadhi ya siku ufuo hujaa mwani na bahari huwa na mawimbi, kwa hiyo kama umekuja kuogelea kuliko kutembea, kaskazi itakufaa zaidi.

Ndani ya siku, kanuni ni moja. Tembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Saa tano hadi saa tisa jifiche: kula, lala, kaa msikitini au kanisani, ingia makumbusho. Saa kumi toka tena. Wenyeji wanaokaa barazani mchana kati usidhani ni wavivu, wanajua wanachokifanya. Adhana ya alfajiri itakuamsha bila malipo, na ukishaamshwa, usirudi kulala.

Hatua ya 2: Lala kisiwani kwanza

Hapa wageni wengi hukosea. Wanakodi chumba Nyali au Bamburi kwa sababu ya bahari, halafu kila siku wanakaa foleni darajani kuja kuuona mji. Tena kuna matangazo ya vyumba yanayosema "dakika tano kutoka ufuoni". Niliwahi kumwekea mgeni wangu chumba cha aina hiyo. Zilikuwa dakika tano kweli, ila kwa pikipiki, na mwendeshaji awe na haraka.

Kama una siku nne au tano, lala usiku mbili au tatu kisiwani, sehemu za Ganjoni, Kizingo, karibu na Barabara ya Digo au ndani ya Mji wa Kale wenyewe. Ukimaliza mji ndipo uhamie upande mmoja wa ufuo, kaskazini au kusini, usijaribu kuwa pande zote mbili. Kisiwani hakuna ufuo wa mchanga wa maana. Ukitaka kuogelea utavuka tu.

Hatua ya 3: Kufika

Treni ya SGR kutoka Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inakuacha Miritini, ambako ni bara. Usishtuke ukishuka na kuona hakuna bahari. Nje ya kituo kuna matatu za kuja mjini. Panda hizo, na wale watakaokuandama na funguo za gari mkononi waambie "nimepokelewa" uendelee kutembea.

Basi la kutoka Nairobi mara nyingi litakushusha Mwembe Tayari, katikati kabisa ya kisiwa, na kwa asiye na gari hiyo ni bahati. Shika mkoba mbele, uliza njia dukani badala ya barabarani, na ukitaka tuktuk, ziko tele. Anayetoka Dar au Tanga kupitia Lungalunga atafikia Likoni, na pale abiria hushuka na kuingia feri kwa miguu. Nenda moja kwa moja Hatua ya 6. Uwanja wa ndege nao uko bara, upande wa Changamwe na Port Reitz, jina lililobaki kutoka kwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824, na kutoka pale utapitia Makupa kama kila mtu.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza yote kwa miguu

Anzia kwenye Pembe, yale matao makubwa juu ya barabara ya Moi Avenue, saa kumi na mbili na nusu. Muda huo unaweza kusimama katikati ya barabara upige picha bila kugongwa. Pembe zile si za ndovu wala si za saruji. Ni mabati ya alumini, kumbukumbu ya ziara za kifalme za Uingereza miaka ya 1950. Ni jambo la dakika tatu. Endelea.

Shuka Moi Avenue hadi Barabara ya Digo, tafuta chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi za nazi. Mbaazi ni chakula cha asubuhi. Ukichelewa hadi saa tatu utakuta sufuria limekwanguliwa. Vuka uingie soko la Marikiti. Hata kama hununui kitu, pita uvutwe pua na iliki, bizari na pilipili manga. Ukiwa wa kununua, nunua viungo vizima visivyosagwa, maana vya unga huchanganywa na mengi.

Hatua chache kutoka hapo ni Mtaa wa Biashara, mtaa wa leso. Leso huuzwa mbili mbili, hazijakatwa, na fundi yuko palepale atakukatia na kukupindia. Nasihi yangu: soma jina la leso kabla ya kulipa. Kuna bwana mmoja alimnunulia mamake mkewe leso nzuri ya rangi ya zambarau, akaifungua mbele ya wakwe, kumbe imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Alikula pilau ile kimyakimya.

Kutoka hapo ingia Mji wa Kale. Usiombe ramani ya simu ikuongoze. Vichochoro vyake vimebanana hata mshale wa ramani unapiga kuta. Kumbuka jambo moja tu: ardhi ikiteremka unaelekea majini, ikipanda unarudi Barabara ya Digo. Uzi wako mkuu ni Ndia Kuu. Ndiyo, *ndia*, kwa Kimvita, ndivyo njia inavyoitwa huku. Tembea taratibu ukitazama juu, kwenye roshani za mbao, kisha chini, kwenye milango ya nakshi. Pitia Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka kama mkuki. Asili yake ni karne ya 16. Ukifika Bandari ya Kale utaona majahazi, lakini funga kamera. Eneo la bandari lina walinzi, na hutaki asubuhi yako iishie kwenye maelezo.

Picha za watu nazo zina adabu yake. Huyo mama aliyekaa kizingitini si pambo la mlango. Salimu kwanza, "Salaam aleikum" au "Sabalkheri", omba ruhusa, na ukikataliwa sema ahsante uendelee. Mji huu unafunguka kwa salamu. Mzee ukimwita "ami", mwalimu wa madrasa "maalim", mama wa makamo "mama" tu, utaonyeshwa njia, na pengine utapelekwa hadi mlangoni.

Jitahidi ufike Fort Jesus kabla ya saa nne, jua halijapasha mawe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Wengi huingia, wakaona mizinga, wakatoka baada ya nusu saa, nami naona wanajidhulumu. Panda juu ya ukuta upande wa bahari, usimame pale upepo unapopiga. Utauona mlango wa bahari wote, na utaelewa kwa nini watu waliuana kwa ajili ya mlango ule: aliyekaa juu ya jiwe hili ndiye aliyeamua chombo gani kiingie. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno wenyewe walimlea na kumbatiza, aliwageukia akaitwaa ngome. Walirudi, lakini Waomani walipokuja mwaka 1696 waliizingira mpaka Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakaisha kwa njaa na maradhi. Meli moja iliyotumwa kuwaokoa, Santo Antonio de Tanna, ilizama hapo chini mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi vimo ndani ya makumbusho, na mimi huvitazama kuliko mizinga. Kisha Waingereza wakaifanya gereza hadi mwaka 1958. UNESCO iliitambua mwaka 2011.

Ukitoka ni saa tano. Hapo acha ushujaa. Rudi ukalale.

Saa kumi kata kupitia Kizingo hadi barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, kule wenyeji wanakokuita Laithausi. Ukuta wa bahari ulitengenezwa upya mwaka 2019, lakini mibuyu ile ilikuwako kabla ya barabara. Kaa ukutani, agiza mhogo wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili, na dafu. Meli kubwa zinazoelekea Kilindini hupita karibu hata unaweza kusoma majina yake. Kilindini maana yake ni penye kina, na ukiiona meli ya ghorofa kumi ikipita karibu na miamba, jina linajieleza. Jumapili jioni Mombasa yote iko pale.

Hatua ya 5: Matatu, tuktuk na boda

Ukimaliza siku ya kwanza utakuwa umeshaelewa kwamba ndani ya kisiwa miguu inatosha. Magari ni ya kuvuka shingo.

Matatu za Bamburi na Mtwapa hupatikana Posta, kwenye Barabara ya Digo. Za Likoni makanga wake wanaita "Feri! Feri!" na huhitaji kuuliza. Tazama abiria aliye karibu nawe analipa kiasi gani kabla hujatoa zako. Lipa kwa noti ndogo au kwa simu, kwa sababu makanga akipewa elfu moja asubuhi atasema chenji utapata mbele, na hiyo mbele ina tabia ya kusogea. Ukikaribia unakoshuka, sema kwa sauti: "Nishukishe Kengeleni." Kimya chako kitakupeleka Mtwapa.

Tuktuk ni za aina mbili. Kuna zinazofuata njia yake na kubeba kila mtu kwa nauli ya kichwa, na kuna ya kukodi mwenyewe. Kabla ya kuingia uliza, "Ami, hapa hadi Ngomeni, pesa ngapi?" Akikutajia, uliza dereva wa pili. Bei hupanda mvua ikinyesha, usiku, na mgeni akiwa na sanduku la magurudumu. Boda nampanda kwa safari fupi nje ya kisiwa tu, na dereva asiye na helmeti ya ziada sipandi. Mjini katikati hazina faida yoyote juu ya miguu.

Hatua ya 6: Feri ya Likoni

Mtembea kwa miguu halipi kitu. Hii ndiyo safari bora ya bure Mombasa, na pia ndipo mgeni anapoweza kupoteza simu, kiatu na subira kwa wakati mmoja. Watu wapatao 300,000 hutajwa kuvuka kila siku kwenye mkono wa bahari ambao upana wake ni kama nusu kilomita.

Jambo la kwanza ni mwelekeo. Asubuhi umati unatoka Likoni kuja kisiwani kazini. Jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, unarudi ng'ambo. Wewe enda kinyume: vuka kwenda Likoni asubuhi na urudi alasiri kabla ya saa kumi. Ukifanya hivyo utapata hata nafasi ya kukaa.

Jambo la pili, usikimbie. Geti likifunguliwa utaona watu wanakimbia kama wanafukuzwa, na wewe miguu itakuwasha. Feri nyingine inakuja. Njia ya kushukia huwa na maji ya chumvi na mafuta, inateleza. Usisimame kwenye bamba la mbele feri inapotia nanga, na feri ikionekana imejaa kupita kiasi, subiri inayofuata. Wazee wa huku hawajasahau Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu zaidi ya 270 wakafa.

Mkoba uvae mbele, simu iingie ndani. Usipige picha feri wala kivuko chenyewe. Na ukiwa katikati ya maji, geuka uangalie kisiwa. Hayo macho yako yatakitunza kuliko simu.

Ukifika Likoni, panda ngazi na umati, na juu utazikuta matatu za Ukunda. Ni mwendo wa karibu kilomita thelathini. Shuka Ukunda, chukua tuktuk hadi ufuo wa Diani. Ukiondoka kisiwani saa moja, saa tatu uko mchangani. Kama unataka kurudi siku hiyohiyo, ondoka Diani saa nane. Kama huwezi kujing'oa ufuoni mapema hivyo, basi lala hukohuko.

Hatua ya 7: Kaskazini, na namna ya kuusoma mwezi

Daraja la Nyali, la mwaka 1980, lina njia ya waenda kwa miguu, na kulivuka alfajiri ni raha: mto wa bahari chini, mitumbwi, na upande wa Mji wa Kale nyumba zinaanza kushika rangi. Ng'ambo yake ni Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru miaka ya 1870. Kengele yao bado iko kando ya barabara, na ndiyo iliyozaa jina la steji ya Kengeleni. Matatu zinapita mbele yake kutwa, na abiria wengi wanalitaja jina bila kuiona kengele.

Panda matatu hadi Haller Park, Bamburi. Ilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jeupe na kavu, lisiloota hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ndio uliokubali. Tatizo likawa majani yake hayaozi. Akaleta majongoo. Majongoo yakala, yakanya, udongo ukapatikana. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Ukitembea humo chini ya kivuli, usilikanyage jongoo, ndiye mwenye shamba.

Kutoka hapo hadi ufuo wa umma, tunaouita Pirates, si mbali. Sasa sikiliza habari ya maji, kwa sababu mwenye kutembea ufuoni bila kuijua hujikuta amebanwa kati ya bahari na ukuta wa hoteli.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji huwa yamekauka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Juma moja baadaye ni maji mafu, na saa hizohizo utayakuta yamejaa. Kwa hiyo tazama mwezi usiku uliotangulia. Ukiwa mduara mzima, au haupo kabisa, asubuhi ni yako: anza saa mbili, maji yakiwa yanaondoka, tembea kutoka Pirates kuelekea Shanzu juu ya mchanga mgumu ambao baiskeli inapita. Mwezi ukiwa nusu, wacha ufuo hadi alasiri.

Wakati wa kupwa unaweza kutembea juu ya matumbawe kuelekea mwambani. Vaa viatu vya mpira. Kuna wale wadudu weusi wa miiba wanaokaa mashimoni, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo. Dawa ya wavuvi ni papai bichi na uvumilivu. Maji yakigeuka, nawe geuka, usingoje. Hurudi kwa kupitia mabonde ya nyuma yako kwanza, na unayemwona amekwama juu ya jiwe siku zote ni mgeni. Konokono na nyota za bahari ziache zilipo.

Ufuo ni wa watu wote, hata mbele ya hoteli kubwa. Vijana wa ufuoni watakufuata na mikufu, ngamia na safari za boti ya kioo. Salimu, sema "leo natembea, kaka," na usisimame. Ukisimama umeshaanza biashara.

Ukibaki na nguvu, siku nyingine nenda Jumba la Mtwana: matatu hadi Mtwapa, kisha boda kuelekea baharini. Ni mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliohamwa katika karne ya 15, wenye misikiti minne, na mmoja umekaa ukingoni kabisa mwa maji. Kati ya kuta za matumbawe imeota mibuyu minene. Siku ya kazi unaweza kuwa peke yako humo na ndege.

Hatua ya 8: Mbio, baiskeli, tumbo na mavazi

Mkimbiaji, uwanja wako ni Mama Ngina saa kumi na mbili asubuhi. Utakuta wazee wa mji wanatembea kwa mikono nyuma, akina mama wamevaa buibui na raba, na vijana wa gofu. Nenda, rudi, rudia. Kata mwendo wako wa kawaida kwa robo mpaka mwili uzoee unyevu. Baiskeli naipendekeza Nyali ndani ya mitaa, si kwenye barabara kuu ya Malindi wala Makupa, ambako malori ya makontena hayamwoni mtu.

Maji ya visima vya mji yana chumvi. Nunua ya kunywa, au kunywa dafu na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo tembea na kikapu. Jioni tafuta viazi karai, mishkaki na mkate wa mofa, na usiku mfuate muuza kahawa mwenye dele. Hutamsikia akiita, utasikia vikombe vyake vikigongana. Kahawa ni chungu, na kando yake ni halua.

Mavazi: kaptura na vesti ni za ufuoni na za mbio. Mjini funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, Mji wa Kale uko kwenye sala; maduka yanafungwa na vichochoro vinajaa, usijaribu kupenya. Ramadhani mchana migahawa mingi imefungwa, lakini baada ya futari mji huamka kuliko mwezi wowote. Usiku wa kawaida, baada ya saa tatu, vichochoro viache na upande tuktuk, hata kama ni karibu.

Hatua ya 9: Kuondoka

Kwa treni, toka kisiwani saa tatu nzima kabla ya treni kuondoka. Najua inaonekana ni nyingi. Lakini malori mengi ya bandarini yanapitia huko uendako, na mara moja yakigoma kusogea pale Changamwe, hakuna tuktuk itakayokuokoa. Fika na kitambulisho ulichokatia tiketi.

Zawadi nunua mjini: kachri, mabuyu, achari ya maembe, halua. Achari ifungwe mara mbili na iwekwe juu, si katikati ya nguo. Miritini mizigo yote hupangwa chini kwa mstari ipitiwe na mbwa wa kunusa, na mkoba wa shemeji, wenye kilo mbili za achari iliyoanza kuvuja, ulimfanya mbwa akae chini na kupiga chafya mara tatu mbele ya abiria wote.